Nilikatwa tumbo 2017, kilo 25 zimerudi. Niliyoyajua kabla ya kukubali kisu cha pili (Kigoma)

Mleta uzi, Kigoma Mjini

Habari za usiku wanajamvi. Uzi ni mrefu, anayetaka ausome kidogo kidogo. Nauandika kwa sababu nilipoanza kunenepa tena nilitafuta kwa Kiswahili mtu aliyepita njia hii, nikamkosa. Picha za kabla na baada zimejaa kila mahali. Ya mwaka wa sita na wa saba hayasemwi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Mwanga, nauza vitenge. Mwaka 2017 nilikwenda India nikafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, ule wanaouita slivu. Wanakata tumbo la chakula kwa urefu, wanaondoa karibu robo tatu au zaidi kidogo, kinabaki kitu chembamba mithili ya ndizi. Kilichokatwa hakirudishwi. Nilikuwa na kilo 128 kwa urefu wa sentimita 162, sukari imeshaingia, magoti yamegoma. Baada ya miezi 16 nikafika kilo 79. Daktari akanisimamisha dawa za sukari. Nilitembea kwa miguu kutoka Mwanga mpaka Kibirizi mwaloni na kurudi, nikalia njiani kwa furaha.

Leo nina kilo 104.

Hazikurudi kwa mkupuo. Mwaka 2020 nikajifungua wa mwisho, nikaanza sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, na biashara ikakua. Nataka niwaeleze kwa undani jinsi nilivyokuwa nakula, maana wengi mtajiona humo. Tumbo la slivu linakataa nyama kavu. Linakataa ugali wa muhogo ukiumeza kwa haraka, unakwama kifuani mpaka machozi yanatoka. Lakini andazi ukilichovya kwenye chai ya maziwa linapita bila shida yoyote. Basi mimi nafungua duka saa mbili, mchana wateja wapo, kukaa na sahani siwezi. Chupa ya chai iko chini ya meza. Kikombe kimoja na nusu andazi. Baada ya saa moja, kikombe kingine na ile nusu. Hadi nafunga duka maandazi manne yamekwisha, sukari ya kwenye chai sijaihesabu, na nikifika nyumbani namwambia mume wangu "leo sijala kitu". Nilikuwa nasema kweli, maana kwangu kula ni kukaa kwenye sahani.

Halafu usiku nakula kweli. Migebuka ya mawese, mchuzi mwingi, ugali kidogo. Samaki hana kosa. Mchuzi ndio niliokuwa naunywa, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati ya wanga ina 4. Mchuzi nao unateleza.

Kilichonipeleka hospitali siyo kilo. Kilikuwa kiungulia. Nalalia mito mitatu, saa nane usiku nashtuka maji machungu yamefika kooni, nakohoa mpaka watoto wanaamka. Nilikunywa vidonge vya dukani karibu mwaka mzima. Kliniki za marudio sikwenda. Hospitali iliyonipasua ilinipa karatasi ya tarehe, mimi nikapiga simu mara mbili halafu nikaona aibu. Mtu amechangiwa na ndugu kupelekwa India, leo arudi kusema zimerudi?

Hiyo aibu ilinigharimu miaka mitatu. Ndiyo iliyonifanya niandike.

Naendelea chini.

Mleta uzi

Daktari wa hapa Kigoma alinisikiliza bila kunifokea, akanipa rufaa ya Dar. Kule kabla ya mtu yeyote kutaja kisu walifanya mambo matatu.

Kwanza eksirei ya kunywa beriamu. Unasimama, unakunywa maji meupe mazito kama chokaa, unaangalia kwenye skrini yanavyoshuka. Nililiona tumbo langu. Chini jembamba kama nilivyoambiwa, lakini juu upande wa kushoto pana mfuko umetuna. Daktari akaniwekea kidole pale: hili ni kuba la tumbo, lilitakiwa liondoke lote, sehemu ilibaki na imetanuka. Pale ndipo inapotengenezwa kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini. Nikakumbuka kwamba mwaka wa kwanza njaa sikuwa naijua kabisa, halafu ikaja kurudi, nami nikajilaumu kwamba nina uroho.

Pili endoskopi, kamera ya kupitia mdomoni. Wakakuta koo la chakula limeungua kwa asidi na ngiri ya kiwambo, yaani tumbo limepanda kidogo kifuani.

Tatu damu. B12 chini, akiba ya madini ya chuma chini, vitamini D chini. Tezi ya shingo ilikuwa salama. Wakaniuliza dawa zote ninazotumia, moja moja. Ile sindano ya uzazi wa mpango inaweza kuongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Vivyo hivyo prednisoloni, insulini, glibenklamidi, amitriptilini na baadhi ya dawa za akili. Jamani asiache mtu dawa kwa kusoma hapa. Mpelekee daktari orodha, yeye ndiye wa kubadilisha.

Kwa hiyo kilo zangu zilizorudi zilikuwa na sababu nne au tano zilizopandana. Kisu kingeweza kutibu mbili. Chai ya chini ya meza hakuna daktari wa upasuaji anayeifikia.

Mchangiaji, Kasulu

Mwakeye dada. Pole sana. Niseme ninavyoona bila kukuumiza: si ungerudi tu kwenye nidhamu ya kula na mazoezi? Mtu akishapasuliwa akanenepa tena, kupasuliwa mara ya pili si kutafuta kufa?

Mleta uzi

Asante kaka, hukuniumiza, mama yangu mzazi ameniuliza hivyohivyo.

Kuna utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza 1987, walifuatilia watu zaidi ya 4,000, nusu wamepasuliwa na nusu hapana. Waliofanyiwa baipasi, yaani tumbo kufanywa kifuko kidogo kinachounganishwa na utumbo, walipungua kama asilimia 32 ya uzito wao ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Mwaka wa kumi walikuwa wamebaki na punguzo la asilimia 25. Waliofungwa mkanda wa kubana tumbo walishuka asilimia 20, wakabaki na 14. Unaona? Hata Sweden, kwenye kliniki za uhakika, kila kundi lilirudisha kiasi. Na bado waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wasiopasuliwa. Wale wasiopasuliwa uzito wao kwa miaka yote hiyo haukusogea zaidi ya asilimia 2 au 3 juu au chini.

Mwili ukipungua sana unapunguza matumizi. Mtu wa kilo 79 aliyetoka 128 anahitaji chakula kichache kuliko awali, na mwili wake unamsukuma kula arudi alikotoka. Kurudisha kilo tano, saba, ni jambo linalotarajiwa, nami nisingelileta hapa. Mimi nilipungua 49, nimerudisha 25, nusu nzima, na sukari imeanza kupanda tena. Nidhamu naihitaji, sikatai. Ila nidhamu haishushi ngiri.

Mchangiaji, Tabora

Mwangaluka dada yangu, na wote humu. Umenitoa machozi mtu mzima. Mimi ni mwanaume wa miaka 58, nilifungwa mkanda Afrika Kusini mwaka 2012. Kwa wasioujua, ni pete ya silikoni inayozungushwa juu ya tumbo, ina kifuko chini ya ngozi, wanaongeza au kupunguza maji kwa sindano ili pete ibane au ilegee.

Miaka minne mambo safi. Mwaka wa tano nikaanza kutapika kila nikila kigumu, nikabaki na vinavyopita: uji, juisi ya embe, asali kwenye maziwa. Sisi Tabora asali ni ya nyumbani, kijiko hapa kijiko pale. Nikanenepa huku natapika, watu hawaelewi hilo linawezekanaje.

Siku moja hata mate hayakupita. Nikakimbizwa hospitali, ikabidi mkanda utolewe maji. Ile kazi inataka sindano yake maalumu isiyotoboa mpira vibaya, na pale haikuwepo. Nilipandishwa gari usiku kwenda Mwanza, Nzega, Shinyanga, siku mbili sijameza tone, mwanangu ananifuta mate kwa taulo. Mkanda ulikuwa umeteleza. Ukatolewa kabisa. Kilo zote zikarudi na nyingine juu.

Nauliza: daktari ananiambia nibadilishiwe niwe baipasi. Umri wangu huu inafaa? Na hawa wanaouza sindano za kupunguza mwili mitandaoni ni kweli?

Mleta uzi

Shikamoo baba. Pole kwa yale ya njiani, nimesoma mara mbili.

Umri peke yake haukukatazi, moyo na mapafu ndivyo vitakavyoamua. Kwa mkanda uliotolewa, kubadilisha kwenda baipasi au slivu ni jambo la kawaida, na wengi hufanya kwa awamu mbili: unatolewa kwanza, unaachwa miezi kadhaa makovu yapoe, ndipo unapasuliwa. Wewe awamu ya kwanza umeshaimaliza.

Niweke hapa njia zote nilizoelezwa, kila mtu aone yake.

Aliye na slivu kama mimi anaweza kugeuzwa baipasi. Wanatengeneza kifuko kidogo cha kama mililita 30 juu kabisa, wanakiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo. Kwa mwenye kiungulia kikali hii ndiyo wanayoipendekeza zaidi, asidi inakosa njia ya kupanda. Ila wakanionya: punguzo la kilo la mara ya pili huwa dogo kuliko la mara ya kwanza, na hatari ya kuvuja mshono na kutoka damu ni kubwa kuliko mara ya kwanza, kwa sababu ndani pana makovu.

Ipo operesheni inayoruka sehemu ndefu zaidi ya utumbo, inaunganishwa chini ya tumbo kwenye duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mdogo. Hiyo inapunguza sana. Bei yake ni kuharisha, protini kushuka, vitamini A, D, E na K kukosekana, na vipimo vya damu maisha yote. Nilimuuliza daktari, "mtu anayeishi Kigoma?" Akanyamaza kidogo, akasema kwa mtu asiyeweza kupima damu mara kwa mara yeye hangemfanyia. Nilimheshimu kwa jibu hilo.

Kukata slivu upya kuifanya nyembamba kupo, lakini kwa mwenye kiungulia kunaweza kukizidisha. Nikaifuta hapo hapo.

Aliye na baipasi tayari, mara nyingine tatizo ni mlango kati ya kifuko na utumbo umepanuka. Unaweza kushonwa kwa ndani kupitia mdomoni, bila kuchanwa tumbo. Mara nyingine kifuko kimetoboka na kuungana tena na tumbo la zamani, chakula kinapita njia ya kale. Hilo linaonekana kwa vipimo tu.

Sindano: dawa ni za kweli. Liraglutidi, semaglutidi, tirzepatidi. Kuna utafiti wa London uliotoka 2023, walichukua watu 70 waliopasuliwa na wasipungue vya kutosha, nusu wakapewa liraglutidi ya miligramu 3 kwa siku. Baada ya wiki 24 walikuwa wamepungua karibu asilimia 9, wenzao waliochomwa sindano isiyo na dawa hawakufika hata asilimia 1. Kwa hiyo daktari mzuri atakutajia sindano kabla ya kisu. Lakini ni ghali, ukiacha uzito hurudi kwa sehemu kubwa, na kabla ya kufunguliwa zinahifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Wa mitandaoni anayekutumia kwa basi kwenye mfuko wa rambo, baba yangu, usimpe hela. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutidi bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama huko zimepenya, sisi je?

Mchangiaji, Kigoma

Dada, na puto? Nasikia Mloganzila wanaweka puto tumboni, halina kisu.

Mleta uzi

Mloganzila huduma ya puto ipo na upasuaji upo, tumshukuru Mungu siku hizi si lazima India. Lakini puto linakwenda kwa tumbo ambalo halijakatwa. Ukishapasuliwa tumbo, kwa kawaida hawaweki, ukuta unaweza kutoboka. Nami nilikuwa na matumaini nalo, nikajibiwa hivyo.

Muuguzi, Ujiji

Nimesoma kimya tangu jana, naomba niongeze la kazini kwangu kwa sababu linaua.

Mtu yeyote aliyefanyiwa upasuaji wa aina hii akitapika mfululizo siku kadhaa, akifika kituo cha afya atatundikiwa dripu, na mara nyingi dripu ina glukosi. Vitamini B1, yaani thiamini, inakuwa imeshamwishia. Glukosi ikiingia kabla ya thiamini ubongo unaweza kuumia: macho yanacheza, anayumba, anachanganyikiwa, na mengine hayarudi. Mwambie mhudumu mapema, "nimepasuliwa tumbo la kupunguza uzito, nipeni thiamini kwanza." Sema hata kama umezidiwa, au mfundishe anayekusindikiza.

La pili, diklofenaki na ibuprofeni. Sisi hapa mtu akiumwa mgongo anakimbilia diklofenaki. Kwa wa baipasi hizo zinaleta kidonda pale kifuko kinapoungana na utumbo, kinaweza kutoboka. Sigara vilevile. Tumia parasetamoli, na maumivu yakizidi mwone daktari.

La tatu, ganzi ya miguuni na kuwaka kwa nyayo msiite uchovu. Pimeni B12.

Baba wa Tabora, hata wewe uliyetolewa mkanda, kama bado unatapika hilo la kwanza linakuhusu.

Mchangiaji, Tabora

Asante sana mwanangu. Hilo la thiamini sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote tangu 2012. Nimeliandika kwenye karatasi, nimempa mke wangu.

Mchangiaji, Uvinza

Dada mimi nina shida ya maneno ya watu. Nilipopungua walisema nina ngoma, nilipokuwa nanenepa tena wakanipongeza, "sasa umependeza, umerudi kwenye mwili wako." Wakwe ndio kabisa, nikienda wananijazia sahani na kunikodolea macho mpaka niimalize. Wewe ulifanyaje?

Mleta uzi

Mdogo wangu, hilo lilinila zaidi ya njaa. Nilimwita mama mkwe pembeni, tukakaa jikoni kwake, nikamwonyesha picha ya beriamu kwenye simu. Nikamwambia mama, hili ndilo tumbo langu, hapa ndipo chakula kinapoingia. Aliishika simu muda mrefu. Tangu siku ile ananitolea samaki kwenye kisahani cha chai, mchuzi kando, na akija mgeni wa kunishangaa yeye ndiye anayenijibia. Wako sijui kama atakuwa hivyo, ila picha inasema kuliko mdomo.

Mleta uzi

Wengi mmeniuliza inbox nimeamua nini.

Miezi minne iliyopita nilibadilishiwa uzazi wa mpango. Chupa ya chai imeondoka dukani, nimemwajiri binti wa kushika duka saa moja mchana nikae nile. Naanza na samaki au dagaa, wakiisha ndipo mboga, ugali mwisho kama nafasi ipo. Dagaa wetu Mungu katupa, ni protini hasa, na mimi natakiwa nifike gramu 60 kwa siku angalau. Maji nakunywa nusu saa baada ya kula, siyo pamoja. Vidonge vya chuma nameza mbali na chai na mbali na kalsiamu, saa mbili katikati. Kutoka 110 nilikofikia kabla ya rufaa, ndiyo hiyo 104 niliyoiandika juu.

Kilo sita bila kisu. Lakini saa nane usiku bado nashtuka, na endoskopi ya pili imeonyesha koo bado limeungua, dawa za asidi zikiwa kwenye kipimo cha juu kabisa. Kwa hiyo nimekubali kugeuzwa baipasi na ngiri irekebishwe humo humo. Nakwenda kwa ajili ya koo. Kilo zitakazoondoka nitazipokea, ila daktari nilimwambia asiniahidi namba, naye hakuniahidi.

Awali nilinunua operesheni peke yake. Safari hii kabla ya kulipa chochote niliuliza: nikirudi Kigoma nani ananiangalia? Tumekubaliana vipimo vya damu mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, halafu kila mwaka, vichukuliwe hapa hapa, majibu nimtumie. Ripoti ya operesheni nitapewa mkononi kabla sijaruhusiwa, kwa maandishi. Ile ya 2017 sikuwahi kuwa nayo, na Dar walipata shida kujua nilikatwa vipi.

Muuguzi, Ujiji

Dada, sindano za B12 za kila mwezi utachomewa wapi?

Mleta uzi

Daktari ataandika barua kwenda kliniki ya hapa. Nimeshanunua faili gumu la bluu, juu nimeandika kwa kalamu nene: BAIPASI. THIAMINI KABLA YA GLUKOSI. HAKUNA DIKLOFENAKI. Nasafiri Alhamisi.

Muuguzi, Ujiji

Nipitishie hilo faili Jumatano jioni, nina zamu mpaka saa mbili. Nataka niongeze kundi la damu na namba ya mumeo kwenye ukurasa wa kwanza.